Mayai ya Mtawa

Kabla sijafika kwenye mayai, lazima mjue shangazi yangu ni mtu wa namna gani. Bila hilo hamtashtuka, na mimi nataka mshtuke kama nilivyoshtuka.

Shangazi hakujua kusema uongo. Sisemi alijizuia, wala sisemi alikuwa mcha Mungu kuliko majirani. Hakujua tu, kama mtu mwingine asivyojua kuogelea. Siku ya harusi ya binamu yangu, mpiga picha alipita na kamera akiwataka ndugu waseme neno zuri kuhusu bwana harusi. Wote wakammwagia sifa. Zamu ya Shangazi ilipofika akasema, "Bado hatujamjua." Jirani alipojifungua, watu wakawa wanabishana kama mtoto kafanana na baba au na mama, yeye akachungulia ndani ya shuka akasema kafanana na mtoto. Mimi mwenyewe nilipojishonea gauni langu la kwanza nikajizungusha mbele yake, aliniambia mkono mmoja umezidi mwingine. Nikalia, nikanuna, nikaenda kupima. Ulikuwa umezidi.

Basi watu waliacha kumwuliza habari za nguo, mapishi na wachumba. Lakini ugomvi ukizuka mtaani, nani kammwagia nani maji machafu, nani kaanza matusi, walimjia yeye mbio. Akisema kaona, mambo yamekwisha. Akisema hakuona, watu wanaanza kugombana upya. Hakuwa na cheo, shule aliiacha mapema, na mume wake alishafariki. Alikuwa na neno lake, na lilikuwa linamtosha.

Kazi yake ilikuwa kulea mijusi. Chekeni tu, hata sisi wa nyumbani tulicheka. Aliingia chuoni kama mfagiaji. Nyuma ya maabara kulikuwa na chumba kirefu chenye vizimba vya kioo vilivyopangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kila kimoja na taa yake ya joto. Siku moja aliyekuwa akiwatunza wanyama hao akaacha kazi ghafla, wakamwomba Shangazi awape maji kwa muda. Muda huo haukwisha. Kila asubuhi alisoma vipimajoto, akanyunyiza maji kwenye vioo ili mijusi walambe matone, akawapaka nyenje unga wa chokaa kabla ya kuwatupia, maana mjusi anayefugwa ndani asipopata chokaa mifupa yake hulainika. Akiagizwa, alikata ncha ya mkia, kipande kidogo kama punje ya mchele, akakitia kwenye kichupa cha spiriti kwa ajili ya vipimo. Funguo za vizimba alizivaa shingoni kwa kamba. Alirudi nyumbani akinuka nyenje, na mimi nilimlazimisha avue viatu nje.

Mijusi wenyewe walikuwa wa aina mbili, wa mawe na wa miti. Kwa macho yangu walifanana kabisa: wadogo, rangi ya vumbi, na macho ya mtu anayekudai jibu. Mwenye utafiti alikuwa Daktari, mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyemwita Shangazi "Mama" tangu siku ya kwanza. Nilipopeleka chakula siku moja alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akanieleza. Zamani sana hawa walikuwa ukoo mmoja. Baadaye wakatengana, wengine wakabaki kwenye mawe, wengine wakahamia kwenye miti, na vizazi kwa vizazi kila upande ukabadilika kidogo kidogo: vidole, magamba, rangi ya koo. Sasa yeye alitaka kujua wametengana kiasi gani. Je, wakikutanishwa bado wanaweza kuzaa, au undugu umeshakufa? Jibu lilikuwa kwenye vinasaba, ile chapa iliyomo katika kila kipande cha mwili, ambayo mtoto huipokea nusu kwa mama na nusu kwa baba.

"Kwa hiyo humu ndani," Daktari aliniambia, "nani kalala na nani ndiyo kazi yenyewe."

"Kama kwa mama mkwe wangu," nikamwambia. Akacheka mpaka nyenje wakanyamaza.

Lakini lilikuwa jambo zito. Jike ambaye hajapangiwa dume aliishi peke yake, na hakuna kizimba kilichofunguliwa bila sababu. Shangazi alijua uzito huo kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliona yaliyokipata chumba cha pili cha mijusi, pale pale chuoni. Huko, kabla Daktari hajaajiriwa, dume alikutwa ndani ya kizimba cha jike asiye wake. Wakaulizwa watunzaji wote. Kila mmoja akasema sijui. Mkurugenzi wa maabara akasema kama hakuna anayejua nani kafungua nini, basi hakuna mtoto hata mmoja chumbani humo ambaye baba yake anajulikana kwa hakika, na kazi nzima imeharibika. Wakawalaza mijusi wote kwa dawa wasiamke tena, kizimba baada ya kizimba, wakawatia kwenye friza. Aliyeosha vizimba vile vitupu alikuwa Shangazi. Alirudi nyumbani siku hiyo hakula.

Sasa Mtawa. Mtawa alikuja akiwa yai. Daktari aliliokota chini ya jiwe, mahali ambapo miamba inapakana na miti, kwenye ukingo wa machimbo ya kokoto, wachimbaji wakiwa tayari na mashine zao. Yai lilianguliwa kwenye kiganja cha Shangazi, jike, na kwa sura akawa mjusi wa mawe. Akatiwa kwenye kizimba chake peke yake, awe akiba mpaka atakapopangiwa dume. Hakupangiwa. Akakua, akanenepa, hajawahi kuona mjusi mwingine isipokuwa kupitia kioo, na hata kioo hicho Shangazi alikiwekea kadibodi kwa sababu aliona anahangaika. Ndiyo maana akamwita Mtawa. Alimpenda kupita wengine, na kwa kuwa hakujua kudanganya, aliwaambia wengine hivyo alipokuwa akiwalisha.

Asubuhi moja alikuta mchanga wa Mtawa umefukuliwa. Chini yake kulikuwa na mayai.

Hilo peke yake halikumshtua. Jike asiye na dume huweza kutaga mayai matupu. Hugeuka manjano, hunywea, yanatupwa. Akayahamishia kwenye sanduku la joto kama ilivyotakiwa, akasubiri yanywee. Hayakunywea. Yakabaki meupe, yakajaa, yakavimba. Shangazi akachukua kurunzi ndogo, akaliweka yai moja juu ya mwanga, kisha la pili, kisha yote. Ndani mlikuwa na mishipa myekundu imetandaa, na katikati kitu kinadunda.

Jioni akanisimulia. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Labda dume alipenya," nikasema.

"Apenye wapi? Kizimba kina kufuli."

"Labda kuna mtu alifungua."

"Funguo zake ziko mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Msimamizi wa maabara, na Msimamizi anaogopa mijusi. Akiingia anasimama mlangoni."

"Basi nani?"

"Sijui," akasema, na nilimwona jinsi neno hilo lilivyomtisha likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Kesho yake aliripoti, maana kuficha kulikuwa nje ya uwezo wake. Msimamizi, mzee mwoga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alishika kichwa. Akamvuta kando akamwambia kwa kunong'ona: "Unajua kanuni. Ikijulikana kizimba kilifunguliwa na hakuna anayejua kilifunguliwaje, Mkurugenzi atafanya kama kule. Chumba kizima. Akipatikana mtu wa kusema ni mimi, nilimweka dume fulani, siku fulani, kizimba hiki tu, basi kinaondolewa kizimba hicho tu." Hakuwa anamtuma kudanganya. Alikuwa anamweleza kanuni, na kanuni ndivyo ilivyokuwa.

Halafu akaja Daktari. Shangazi alinieleza neno kwa neno. Daktari alikuwa hacheki. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, nitakuuliza mara moja tu, na utakalosema nitalishika. Sikuulizi kwa ubaya. Je, kuna dume yeyote aliwahi kuingia kwa Mtawa?"

Shangazi aliangalia rafu zile. Taa zote zilikuwa zinawaka, mijusi wamepanda juu ya mawe yao kuota joto, wengine wananing'inia kwenye vijiti, wote wanamwangalia kwa kuwa ilikuwa saa ya kula. Akaona vile vizimba vitupu vya chumba cha pili. Akaona maji ya sabuni.

"Ndiyo," akasema. "Mimi nilimweka. Yule wa rafu ya chini, mwenye mkia uliokatika. Niliwaacha pamoja kidogo wakati nasafisha, nikamwondoa."

Daktari aliachia mikono yake. Shangazi anasema hakukasirika. Uso wake ulishuka tu, kama mtu aliyesikia basi lake limeshaondoka.

"Asante kwa kuniambia ukweli," Daktari akasema.

Shangazi alifika nyumbani mchana, saa ambayo hajawahi kufika. Hakuvua viatu nje. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akasema, "Leo nimesema uongo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie, akarudia. Nilipigwa na butwaa, naapa. Mkasi ulinidondoka ukatoboa kitambaa cha mteja. Kama angeniambia ameiba benki ningeuliza ameiba kiasi gani. Lakini hili lilinifanya nimwangalie usoni kuhakikisha ni yeye.

"Nimeokoa chumba," akasema. "Nimempoteza mmoja, nimeokoa waliobaki. Ndiyo hesabu."

"Na ukweli ni upi?"

"Ukweli siujui, mwanangu. Hakuna aliyefungua. Lakini mayai yana uhai. Ukweli gani huo? Ningemwambia Daktari kitu gani? Kwamba yamekuja na upepo?"

Alikuwa amerudi kukaa kidogo tu, kwa sababu alikuwa na kazi ya mwisho ya kufanya na alitaka kwanza kunywa maji. Akarudi chuoni. Walimlaza Mtawa kwa dawa, maana jike aliyekutana na dume nje ya mpango hana tena nafasi katika utafiti, na mayai pia. Kanuni ilisema hakuna kinachotupwa, kila kitu kigandishwe, tena kila kitu kwenye mfuko wake. Msimamizi alimpa mifuko, akageuka kwa sababu hawezi kuangalia. Shangazi akamchukua Mtawa, akayachukua mayai, akawatia kwenye mfuko mmoja. Hakutaka watengane. Alifikiri nani atajali, wote ni wa kizimba kimoja, wote wanakwenda kwenye friza moja. Akafunga mfuko vizuri.

Wakamrudisha kwenye kufagia korido. Funguo wakampa mtu mwingine. Hakulalamika, alipita mbele ya mlango wa chumba kile kila siku na ufagio wake, akisikia nyenje, akijua waliomo wako hai kwa sababu yake. Hilo lilimpa nguvu. Hata mimi nilianza kuamini kwamba kuna uongo mzuri, na kwamba Shangazi, aliyeanza kudanganya uzeeni, amebahatika kuanza na huo.

Miezi ikapita. Mjini kukawa na mgao wa umeme, jenereta ya chuo ikagoma siku mbili tatu, ikatengenezwa. Halafu jioni moja, jua likiwa bado halijazama, Daktari akabisha hodi kwetu. Hajawahi kuja. Nilimkaribisha, nikaondoa vitambaa kwenye kochi, nikataka kuleta chai akasema asante, hapana. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na bahasha mkononi ambayo hakuifungua hata mara moja.

"Mama," akasema, "nilikuwa nakamilisha kumbukumbu. Kila mtoto lazima baba yake athibitishwe, hata wale waliogandishwa. Nikapima mayai ya Mtawa, nikalinganisha na yule mwenye mkia uliokatika."

Shangazi alikaa wima, mikono mapajani.

"Hawana kitu chake. Nikalinganisha na madume wote chumbani. Hawana kitu cha dume yeyote. Nikapima tena na tena. Wale watoto wana chapa ya mama yao tu. Yote, siyo nusu. Kila mmoja wao ni Mtawa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakaa pale pale kwenye kizingiti.

"Na Mtawa mwenyewe hakuwa mjusi wa mawe. Sura ilitudanganya. Alikuwa chotara, mama wa mawe, baba wa miti. Hizi aina mbili zilikutana huko kwenye ukingo wa machimbo zikazaa, na aliyezaliwa akawa anaweza kuzaa peke yake, bila dume. Mama, wako mijusi wa namna hiyo sehemu nyingine, mbali, aina nyingine kabisa. Hapa kwetu hawajawahi kuonekana. Ukoo mpya unaanza, na nilikuwa nao chumbani mwangu, kwenye sanduku la joto."

"Ulijua?" Shangazi akauliza. "Siku ile uliponishika mikono, ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa na wazo tu. Nilikuwa nimeona magamba yake hayako sawa. Sikutaka kukuambia, nisije nikakutia maneno mdomoni. Nilijiambia, huyu mama akisema hapana, basi hakuna dume aliyeingia, na mimi nitakwenda kwa Mkurugenzi na wazo langu hata kama atanicheka." Akamtazama. "Uliposema ndiyo, niliona aibu hata kuwa nilifikiri hivyo."

"Ningesema hapana," Shangazi akasema polepole, "usingeua chumba?"

"Kwa neno lako? Ningekilinda kwa mwili wangu."

Nimeshaona watu wakipokea habari za msiba. Nimeona mama akipigiwa simu ya ajali. Sijaona uso kama wa Shangazi jioni ile. Haukukunjamana, haukulia. Ulifungika tu, na mdomo ukabaki wazi kidogo, na kwa muda nikadhani amepooza. Nikamshika bega, nikamwita. Mwishowe akasema, "Walikuwa wanadunda. Niliwaona kwa kurunzi." Halafu akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na mimi na Daktari tukabaki tunatazamana kama wageni wawili kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Nilimkasirikia sana Daktari. Nilimkasirikia Msimamizi na kanuni zake, Mkurugenzi na friza yake. Nilitaka kumkasirikia na Shangazi, nikashindwa, maana kila nilipojiweka mahali pake mbele ya zile rafu, na mimi nilisema ndiyo.

Ikabaki jambo moja. Daktari aliporipoti majibu yake, Mkurugenzi hakuyakubali. Mtawa na mayai walikuwa mfuko mmoja. Umeme ulipokatika barafu iliyeyuka, maji ya mama yakaingia kwenye mayai laini, yakaganda tena pamoja. Mtu akipima mayai hayo na kukuta chapa ya mama tupu, je, amepima mtoto au amepima mama? Hilo ndilo swali ambalo angeuliza mtu yeyote mwenye akili, na Daktari alikiri kwamba na yeye angeliuliza. Kupata Mtawa mwingine hakukuwezekana. Alirudi kule alikookota yai, akakuta shimo la kokoto na maji ya mvua. Mawe yameshakuwa barabara. Ushahidi uliobaki duniani kwamba hakuna dume aliyeingia kwenye kizimba kile ulikuwa mmoja tu, nao ni Shangazi.

Akaitwa ofisini. Aliniomba nimsindikize. Alivaa gauni lake la kanisani, nililomshonea mwenyewe, mikono yote miwili sawa. Ofisi ilikuwa na meza ya kioo na feni inayolia. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini; alituamkia vizuri, akatuvutia viti kwa mkono wake. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa. Daktari alikaa pembeni na bahasha yake.

"Mama, siku ile ulituambia ulimweka dume. Leo nasikia unasema hukumweka."

"Sikumweka."

"Siku ile ulidanganya?"

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Alimweleza kila kitu, chumba cha pili, vizimba vitupu, maneno ya Msimamizi, mfuko mmoja. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na alipofika kwenye kuosha vizimba vya chumba cha pili niliona akishusha macho.

"Nani mwingine alijua kwamba siku ile umedanganya?"

Nikasimama. "Mimi. Aliniambia siku hiyo hiyo, mchana, kabla hajanywa hata maji."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mtoto wa kaka yake. Nakaa naye."

Akatikisa kichwa kwa upole, nikakaa. Nilijua nimesaidia kama vile mvua inavyosaidia nguo zilizoanikwa.

"Mama," Mkurugenzi akasema, "mimi nimeuliza habari zako. Nimeambiwa hujawahi kusema uongo. Nataka kukubali. Lakini jambo hili halitaishia hapa ofisini. Litasomwa na watu wa mbali ambao hawakujui. Watauliza kama ninavyouliza. Mtu asiyekujua, aliyesikia ulichosema siku ile na unachosema leo, atajuaje kwamba hakuna dume aliyeingia kwa Mtawa?"

Feni ikawa inalia. Daktari alikuwa amemkazia macho Shangazi, na niliona midomo yake ikitikisika, anamwombea maneno. Na maneno yalikuwepo. Angeweza kula yamini. Angeweza kusema leteni watu wa mtaani kwangu wote wanishuhudie. Angeweza kulia, maana machozi yanabeba mengi ofisini. Mimi nilikuwa nimeuma meno, nikisema moyoni, sema kitu, Shangazi, sema kitu chochote.

Alifikiri swali lile kama anavyofikiri maswali yote, kwa haki, kana kwamba halimhusu.

"Hawezi kujua," akasema.

Mkurugenzi alingoja kidogo, labda kuna kitu kinafuata. Hakikufuata. Akashukuru, akasimama, akatufungulia mlango. Majibu ya Daktari hayakutumwa popote.

Kwenye korido, ile ile aliyokuwa akiifagia, Daktari aliegemea ukuta. Hakumlaumu. Nadhani angemlaumu ingekuwa nafuu. Tulisimama pale watatu, nyenje wakisikika nyuma ya mlango wa mwisho, mpaka Shangazi akamgeukia.

"Daktari, na wewe je? Unaniamini?"

Bahasha ilikuwa mkononi mwa Daktari. Vipimo alivifanya mwenyewe, kwa vidole vyake, akarudia mpaka macho yakawa mekundu. Ndiye aliyekuja nyumbani kutuambia ukoo mpya umezaliwa. Akafungua mdomo, nami nikawa nasubiri ndiyo, maana ni neno dogo na lilikuwa linahitajika sana. Likachelewa. Nikamwona akiupita mfuko ule kichwani mwake, na maji yaliyoyeyuka, na siku ile aliposhika mikono miwili ya mtu ambaye hajawahi kudanganya.

"Nataka kukuamini, Mama," akasema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Mkono wake uliponishika kiwiko ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye barafu.

"Umesema kweli," akamwambia, na tukashuka ngazi.